Neno "bati" lilivyoiacha nyumba ya mama yake Joha bila paa

Saa moja asubuhi, jua la Juni bado halijapata nguvu, Joha anatoa cherehani yake kwenye chumba cha jirani, anaiweka barazani kwa jirani huyo na kuifunua. Mguu wa kulia unatangulia kwenye pedali. Sindano inaanza kula kitambaa cha bluu. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, na rundo la sketi za wanafunzi linamsubiri.

Kila akifika mwisho wa mshono anainua uso kukata uzi, na kila akiinua uso anaiona nyumba ya ng'ambo ya njia. Ina milango, ina madirisha. Haina paa. Ukutani, kwa rangi nyekundu ambayo mvua zimeshindwa kuifuta, kuna alama ya X na maneno mawili: SIMAMISHA UJENZI.

"Wageni wakipita wanauliza kama ni gofu," anasema bila kusimamisha pedali. "Nawaambia siyo gofu. Ni nyumba ya mama."

Joha, mwenye umri wa miaka 56, ni fundi cherehani hapa Kilosa mjini. Wengi wanamwita Mama Mudi, kwa jina la mwanawe wa pekee, Mudathir. Wapo wazazi mtaani ambao waliwahi kuvaa kaptula alizoshona yeye, na leo wanamletea watoto wao awapime kiuno. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya hupata hela ya uzi, akashukuru Mungu.

Zamani alishonea barazani kwake, na mama yake akimsikiliza kutoka chumbani kwake, chumba cha nyuma. Leo baraza hilo lina magugu.

Nyumba aliijenga baba yake, mfanyakazi wa reli, kwa tofali za kuchoma zilizoshikizwa kwa udongo. Juu aliweka paa la mgongo wa tembo, lile la pande mbili zinazoteremka, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa fahari ya kila mtu aliyetoka kwenye nyumba ya nyasi. Baba alifariki, akamwacha mkewe Mwanakheri na nyumba hiyo. Mwanakheri, mzaliwa wa Lumuma, hakutaka kuhama tena. Aliozesha binti zake wawili akiwa humo, na ndoa ya Joha ilipovunjika alimpokea humo humo yeye na mtoto mgongoni.

Alikuwa na ombi moja, na hakuchoka kulirudia mbele ya wanawe: "Mimi nikifa, nitokee kwangu." Maana yake ilieleweka na kila mtu. Aoshwe chumbani kwake, avikwe sanda chini ya paa lake, na jeneza lipite kwenye mlango ule alioingilia akiwa bibi harusi.

Lakini bati huzeeka kama mtu. Misumari ilianza kulegea, kutu ikatoboa, mchwa wakapanda kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Mwanakheri naye miguu ikamkataa, akawa mtu wa kitandani. Masika ya mwaka juzi Joha alihamisha kitanda cha mama kutoka kona hadi kona, huku akitega mabeseni. Ilifika mahali kona zikaisha.

"Usiku mmoja nilimkuta amelowa mpaka mtandio, amenyamaza," anakumbuka. "Nikamuuliza, mama, mbona hukuniita? Akasema, ulikuwa umelala, na kesho una kazi. Nililia. Nikamwahidi kwamba mvua zijazo atalala pakavu."

Ahadi hiyo aliipeleka kwa mwanawe. Mudathir ni mlinzi kwenye nyumba ya wageni huko Mikumi, kando ya barabara kuu. Huko anaona nyumba mpya zikichipua kila mwaka, karibu zote za paa la kuficha: kuta zinapandishwa juu zaidi ya paa ili bati lisionekane, na ukisimama barabarani unadhani nyumba imekatwa kwa kisu. Kijana alikuwa ameweka akiba ya miaka. Akamwambia mama yake kwamba kama ni kuezua, basi nyumba ya bibi iezekwe kisasa.

Joha hakuona ubaya. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, na huyu hakulilia wembe bali heshima ya bibi yake. Alichotaka Joha ni jambo moja tu, wafuate utaratibu wasije wakasumbuliwa. Akavaa kanga yake nzuri, akaenda ofisi ya halmashauri inayotoa vibali vya ujenzi kuuliza.

Mazungumzo ya ofisini ameyasimulia mara nyingi mpaka anaigiza sauti zote mbili. Kijana aliyekuwa mezani alimsalimu vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba mwanangu." Akaeleza shida yake: "Nataka kubadilisha bati nyumbani kwa mama."

"Bati tu, mama?"

"Bati."

"Kubadilisha bati hakuna haja ya kibali. Mjulishe tu mwenyekiti wako wa mtaa."

Joha akarudi nyumbani na moyo mweupe. Mwenyekiti akajulishwa, akasema kheri.

Hapo ndipo mkosi ulipoingia, na wala hakuna aliyedanganya. Kwa Joha na majirani zake, bati ni kila kitu kilicho juu ya ukuta. Mtu akiacha nyasi, watu husema amepiga bati, hata kama fundi amepandisha kuta, amefunga kenchi mpya na kugeuza sura yote ya nyumba. Kwa kijana wa ofisini, bati ni lile lile linalouzwa dukani kwa geji, yaani kwa unene wake. Ukitoa chakavu ukaweka jipya pale pale, juu ya mbao zile zile, ni matengenezo madogo. Ukigusa ukuta au ukibadili umbo la paa, hayo ni mambo mengine.

"Aliniuliza 'bati tu?' na mimi nikamjibu 'bati'," anasema Joha. "Sote wawili tulisema kweli."

Fundi aliyepewa kazi ni Lupakisyo, mwezekaji aliyezaliwa hapa hapa Kilosa, mjukuu wa mtu wa Tukuyu aliyeletwa na kazi za reli. Ni mtu wa maneno machache anayetembea na misumari mfukoni hata akienda msibani. Naye ana mzigo wake.

"Nilimuuliza Mama Mudi, ofisi wamesemaje? Akaniambia wameruhusu. Sikuuliza wameruhusu nini. Fundi akisikia ruhusa, anatafuta ngazi."

Walianza mwishoni mwa kiangazi. Siku ya kuezua, Mwanakheri alibebwa na godoro lake mpaka kwenye gari, akapelekwa Dumila kwa binti yake mdogo, Yusrah, anayepika na kuuza chakula kwenye kituo cha mabasi. Ilikuwa akae huko wiki mbili, paa likiisha arudi. Alipopita mlangoni aliinua mkono akagusa fremu, akawaambia wasichelewe.

Bati za zamani zikashushwa. Kenchi zilivunjika zenyewe zilipoguswa, unga wa mchwa ukawamwagikia mafundi machoni. Zile kuta za pembetatu zilizobeba mgongo wa paa zikabomolewa. Kisha ukaanza kupandishwa ukuta wa kuficha, bloku juu ya tofali za mzee wa reli. Kozi ya pili, yaani safu ya pili ya bloku, ilikuwa haijakauka wakati mkaguzi wa majengo alipopita na pikipiki, akasimama, akavua kofia ngumu.

Mkaguzi huyo anaitwa Melkizedek. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole kuliko watu wanavyodhani, na hakufurahia alichokifanya.

"Nilimkuta mama wa watu anawagawia mafundi uji," anasema. "Nikaomba kibali. Akaniambia walishamruhusu, ni bati tu. Nikainua macho. Ukuta wa udongo, hauna lenta, ule mkanda wa zege wa kuufunga, na juu yake wanataka kupandisha bloku kozi nne. Upepo wa mvua ukija, ule ukuta unalala ndani, juu ya kitanda cha bibi. Ningenyamaza, ningekuwa nimemuua kwa mkono wangu."

Akaandika X. Hata Joha leo anakubali kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini siku ile alikaa chini kwenye mchanga, mwiko wa uji mkononi.

Mkaguzi aliwaeleza kwamba wamekwisha gusa ukuta, kwa hiyo lolote watakaloamua linahitaji kibali. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kurudisha mgongo wa tembo kama ulivyokuwa. Mchoro wake ni mwepesi, na yeye mwenyewe angesukuma maombi yasikae. Ya pili, kuendelea na paa la kuficha. Hiyo ilitaka ramani kamili, mhandisi athibitishe namna ya kufunga lenta, halafu kungoja kikao cha wataalamu. Ingechukua miezi.

Joha alitaka ya kwanza. Akampigia Mudathir. Mudathir alikuwa ameshanunua bati za rangi, zimeshakatwa kwa vipimo vya paa la kuficha, na dukani hazirudishwi. Akamsihi mama yake avumilie kidogo. "Kitu cha kudumu, mama, tusikifanye kwa hasira," alimwambia.

"Nikakubali," anasema Joha. Pedali imesimama sasa. "Nilikuwa nimewashika wawili, mama mkono huu, mtoto mkono huu. Nikamwonea huruma mtoto. Mama nikasema atavumilia, maana siku zote yeye ndiye anayevumilia."

Majuto ni mjukuu, na kwa Joha mjukuu huyo hakuchelewa kuzaliwa.

Ramani ikachorwa, ikarudishwa irekebishwe, ikachorwa tena. Mvua za vuli zikafika zikakuta nyumba wazi. Maji yalisimama vyumbani, plasta ikavimba na kuanguka vipande vipande. Joha alihamishia cherehani kwa jirani na kuwa mgeni mtaani kwake mwenyewe. Huko Dumila, Mwanakheri alilala kwenye chumba kimoja cha kupanga pamoja na Yusrah na wanawe, honi za mabasi zikipita usiku na mchana. Kila jioni aliomba apigiwe simu Kilosa.

"Alikuwa haulizi kingine," anasema Yusrah. "Anauliza paa limefika wapi. Dada anamwambia bado kidogo, mama. Akikata simu ananigeukia, ananiambia, dada yako ana kazi nyingi, msimsumbue. Na kesho yake anaomba simu tena."

Kuna siku Joha alichoka kusema bado kidogo. Akamwambia mama kwamba kenchi zimekwisha panda. Mwanakheri alifurahi mno, akawaambia wajukuu wamkunjie nguo. Walizikunja kweli, wakazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuuweka miguuni pake. Uongo huo ndio unaomnyima Joha usingizi hadi leo, na akiusimulia hupangusa macho kwa kitambaa cha sare ya mtoto wa watu bila kujua.

Mwanakheri alifariki Dumila asubuhi moja ya mvua, mfuko wa nguo ukiwa miguuni. Alikuwa na miaka themanini na ushee.

Majirani wa Kilosa waliposikia, walifungua nyumba zao. Imamu alisema hapana ubaya maiti kuoshewa popote penye stara, na Joha alijua hivyo. Lakini alisimama mlangoni mwa nyumba isiyo na paa, akaapa kwamba mama yake hatotokea kwa jirani. Wanawake wakafagia maji chumbani. Vijana wakaleta turubai, wakalifunga kwenye kona tatu za ukuta. Kona ya nne haikuwa na pa kufungia, bloku zilikuwa zimelegezwa na mvua na zilianza kucheza.

Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyokoma. Gari la Dumila likaingia. Na nyuma yake, pikipiki ya mkaguzi.

"Watu waliganda," anakumbuka Lupakisyo. "Turubai juu ya nyumba yenye X. Tukasema, huyu amekuja kutuzuia hata kuzika."

Melkizedek aliegesha pikipiki, akavua kofia. Alimwendea Joha, akamwambia, "Pole sana, mama." Kisha akaitazama kona ya nne. Akavuta benchi, akapanda kwa upande wa nje, akaikamata kamba ya turubai na kugeuzia uso njiani kama ilivyo adabu. Mzee mmoja, kwa uchungu tu, akamtupia neno: "Mkaguzi, na hili nalo lina kibali?"

"Hili halihitaji, mzee," akajibu.

Alisimama pale muda wote wanawake walipokuwa wakimwosha Mwanakheri, maji ya turubai yakimtiririka mkononi na kuingia kwenye mkono wa shati. Lupakisyo akapanda naye kumsaidia. Ilipofika wakati, jeneza likapita kwenye mlango wa mbele, na kamba ikaachiwa.

Mudathir alifika kutoka Mikumi jeneza likiwa tayari mabegani mwa watu. Alizika, akakaa matanga, akaondoka. Tangu siku hiyo hupiga simu na kutuma matumizi, lakini amekuja Kilosa mara moja tu.

"Nilitaka bibi alale kwenye nyumba ya maana," anasema kwa simu, na nyuma yake malori yanasikika yakipanda barabara. "Mama anasema hanilaumu. Bora angenilaumu, nijue pa kuanzia kuomba radhi."

Mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Mwezi ule ule, maombi ya paa la kuficha yalipita kwenye kikao. Kibali kikaandikwa kwa jina la mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja alikuwa Mwanakheri. Melkizedek alilazimika kuja tena, safari hii kwa miguu, kumweleza Joha kwamba kibali cha marehemu hakijengewi. Ukoo ukae, uteue msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo imthibitishe, ndipo maombi yaanze upya.

"Nilicheka," anasema Joha. "Wallahi nilicheka, mpaka jirani akatoka kuja kunitazama. Nikamwambia mkaguzi, yaani mama alipokuwa hai hakupewa, amekufa ndiyo amepewa, halafu mnamnyang'anya tena. Yule kijana akainamisha kichwa. Nikamwonea huruma na yeye."

Ukoo ulikaa Lumuma. Yusrah na wajomba walimteua Joha bila ubishi. Mahakamani alikwenda na kurudi mpaka karani akamzoea. Masika mengine yakapita juu ya nyumba, yakaila plasta iliyobaki na kuotesha majani kwenye sakafu ya sebule.

Wiki iliyopita kibali kipya kilitoka, kwa jina la Joha. Si cha paa la kuficha. Mudathir mwenyewe ndiye aliyesema warudishe mgongo wa tembo, na ndiyo mara hiyo moja aliyokuja, kusaidia kubomoa zile kozi za bloku. Bati za rangi zitakatwa upya, zitakazobaki zitaezeka choo. Juu ya kuta utafungwa mkanda wa zege kwanza, kama mkaguzi alivyoelekeza, ili udongo wa mzee wa reli uweze kubeba.

Joha anataka paa likamilike kabla ya vuli. Anataka arudishe cherehani barazani kwake, aache kuwashukuru majirani kila asubuhi na kila jioni. Anataka Mudathir aje alale humo angalau siku moja, wale chakula sinia moja, ili yasiyosemeka yasemeke. Kuhusu ofisi, hana kinyongo. Wanawake wenzake wakitaka kutengeneza nyumba sasa humjia yeye kwanza, naye huwaambia wasitaje bati. Waeleze kila kitu wanachotaka kugusa, toka msingi hadi kofia ya paa, hata kama karani anapiga miayo.

Juzi Lupakisyo alikuja kupima. Alimshauri waanze kuezeka upande wa njiani, kwenye chumba cha mbele na baraza, ili hata kazi ikikwama kidogo awe amepata pa kushonea msimu huu wa sare. Ushauri mzuri wa mtu anayejua watu wa kazi za mikono wanakula nini.

Joha alikataa. Alimtaka aanzie nyuma, kile chumba cha mama, na cherehani itasubiri.

Fundi alimtazama, akasema taratibu, "Mama Mudi, mle hamna mtu."

"Najua, fundi," Joha akamjibu. "Anzia mle."